Kijiji Kilichoninyang'anya Safia

Mpendwa mwanangu Safia,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuwi wawili kamwe. Kila nikipiga unaweka sauti ya juu, na nyuma yako nasikia kikohozi cha mama mkwe wako, nasikia bangili zake, nasikia akiuliza kwa lugha yake ni nani huyo. Unamjibu kwa lugha hiyo hiyo, haraka, ukicheka, kisha unarudi kwangu na kusema, "Anakusalimu." Nami namsalimu. Nifanyeje? Lakini yaliyo moyoni mwangu hayasemeki mbele ya mtu anayekohoa. Basi nimeyaandika, tena nimeyaacha wazi ayasome anayetaka, maana Kampala hii imejaa akina mama ambao watoto wao wamemezwa na Dubai, na Toronto, na wapi sijui. Wenzangu angalau watoto wao wamechukuliwa na miji. Wangu amechukuliwa na kijiji, tena kijiji ambacho hata jina lake linanishinda ulimi.

Unazikumbuka likizo zako za shule? Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiendesha taxi ya Bombo, basi dogo la abiria, na mimi nilikuwa na kibanda changu cha chakula pale Wandegeya, wanafunzi wakipanga foleni kwa ajili ya kikomando, zile chapati nilizozikatakata na kuzimwagia maharage. Nilitaka ukae nami. Nilitaka binti wa kuosha naye sahani, tukipiga soga. Wewe ulikuwa ukinichungulia mara moja tu, unanyakua chapati, unakimbilia stegi, kituo cha taxi, kwa baba yako. Ukiwa na hijabu yako nyeupe ya shule ulikuwa ukisimama mlangoni mwa gari ukiita, "Kawempe! Matugga! Bombo! Mzee, wewe ni wa Bombo, nakuona usoni!" Mzee akacheka, akapanda, hata kama alikuwa wa Kawempe. Makondakta wazima walinuna kwamba msichana mdogo anajaza gari kuliko wao. Siku moja baba yako, akinawa mikono kwenye karai langu, aliniambia, "Mama Safia, watu wanadhani gari linakwenda kwa mafuta. Linakwenda kwa huyu mtoto."

Alisema kwa furaha. Mimi niligeuza chapati nikaiunguza. Nilimwonea wivu mume wangu mwenyewe, Safia, na hukujua. Ulirudi jioni sauti imekauka, hadithi zako zote ni za stegi, nami nimesimama kutwa nzima na hakuna aliyenihadithia kitu.

Alipofariki, tulibaki mimi na wewe. Ile ndiyo miaka ninayoirudia nikiwa peke yangu. Uliacha stegi, ukaja kibandani, na sauti yako ukaileta kwangu. Unakumbuka yale mafuriko ya Bwaise, maji yalipoingia hadi kwenye vitanda? Tuliweka godoro juu ya meza, tukakaa juu yake mimi na wewe kama malkia wawili, tukala kisra iliyobaki, ile mikate yetu myembamba ya Kinubi, na mchuzi wa samaki mkavu, huku sandali zetu zikielea chini na kuzunguka chumba. Ulicheka hadi ukakaribia kuanguka majini. Ukasema, "Mama, hata tukizama, tutazama tumeshiba." Watu walitupa pole kwa mafuriko yale. Mimi moyoni nilikuwa na raha ambayo sijaipata tena.

Kisha akaja Imtiyazi. Kijana mwembamba, mpole, ametoka India kumsaidia mjomba wake kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mara ya kwanza alikuja kula kwangu kwa kuwa alisikia nyama yetu ni halali. Mara ya pili alikuja kwa ajili yako. Mara ya tatu hata chakula hakuagiza, aliomba maji, akayanywa polepole hadi tukafunga. Nilimpenda, sikatai. Aliniita Mama bila kufundishwa. Mjomba wake alinuna, na ndugu zetu wa Bombo walinong'ona kwamba binti wa Kinubi anaolewa na Mhindi. Mimi nikasema Mwislamu ni Mwislamu, na binti akiolewa na mtu wa duka la Kampala, atakaa Kampala. Ndivyo nilivyopanga.

Mipango yangu iliharibiwa na kifo cha mzee nisiyemjua. Baba yake Imtiyazi alifariki huko kijijini, akaacha mke peke yake, na shamba la pamba na karanga, na mtoto wa kiume mmoja tu, ambaye ndiye mume wako. Pale Entebbe ulinikumbatia ukasema, "Muda mfupi tu, Mama. Tumtulize mama yake, turudi." Nikakuamini. Mtu anayeondoka na mabegi makubwa vile haendi kwa muda mfupi, lakini nilikuamini.

Halafu ile simu. Ulinipigia mwenyewe, na hukulia. Ulisema, "Mama, Imtiyazi ametutoka. Kifua kilimbana shambani. Tukampeleka njiapanda. Amefia pale, tukisubiri gari."

"Gari gani?" nikauliza. "La hospitali?"

"Gari lolote, Mama."

Sikuelewa, mwanangu. Mimi ni mtu wa Bwaise. Hapa ukisimama kando ya barabara kujikuna mguu tu, boda tatu zimeshasimama zinakuuliza unakwenda wapi. Sikujua kwamba duniani bado kuna mahali ambapo mtu anaweza kukosa gari mpaka afe.

Nilitaka urudi siku ile ile. Ukaniambia una eda, utaikaa katika nyumba ya mumeo. Nikakubali, dini ni dini. Lakini eda ina mwisho. Ilipokwisha nilifunga kibanda, nikamwachia jirani yangu Nalongo funguo, nikapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Sikuja kukutembelea, Safia. Nilikuja kukuchukua. Ndani ya begi langu nilibeba begi jingine, tupu, la nguo zako.

Ulinipokea mjini, tukapanda basi, na basi likatushusha kwenye barabara kuu, likaondoka na vumbi lake. Nikatazama huku na huku. Pamba upande huu, pamba upande ule. Tausi wawili walivuka barabara kama kuku wa mtu.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa tunatembea," ukasema, ukajitwika begi langu kichwani.

Ulipofika penye jiwe la zege kando ya njiapanda ulisema, "Hapa ndipo tulipomlaza Imtiyazi kusubiri gari," na hukusimama. Nami nikashindwa kusimama. Tulitembea mwendo kama wa kutoka Bwaise hadi Wandegeya, ila bila nyumba, bila duka, bila mtu hata mmoja wa kumuuliza kama tumekaribia.

Kijijini nilianza kuona makufuli. Mlango huu una kufuli lenye kutu, ule una kufuli, na ule.

"Wenyewe wako wapi?"

"Surat, Mama, ule mji mkubwa. Wanasugua almasi viwandani."

"Na hawa?"

"Surat."

"Na hawa?"

"Hawa walishakufa. Watoto wao wako Surat."

Palikuwa na msikiti mdogo na hekalu dogo vikitazamana, na shule ambayo watoto wote wa madarasa yote walienea kwenye mkeka mmoja. Wakati tunapita, mwalimu alitusalimia kwa jina lako. Kila mtu alitusalimia kwa jina lako. Wazee walioota jua, wanawake waliokamua nyati wao wa kufugwa, hata kipofu mmoja aliyekaa mlangoni aligeuza kichwa aliposikia hatua zako akasema, "Safia." Hapa Kampala tuna mamilioni ya watu, na nimekaa Bwaise umri wako wote, na wanaonifahamu kwa jina hawajazi taxi. Pale watu wote wa kijiji wangeenea katika ua wa msikiti wa Wandegeya, na wote ni wako. Hapo ndipo lilipoanza kunichoma.

Ulinieleza habari ya basi tukiwa bado njiani. Zamani basi la serikali liliingia hadi pale uwanjani asubuhi na jioni. Vijana wakaanza kwenda mjini kutafuta kazi, basi likawa linakuja na viti vitupu, wakubwa wa mabasi wakasema watu hawatoshi, wakaliondoa. Lilipoondoka, wenye watoto wa sekondari wakahama, wenye wagonjwa wakahama, na waliobaki wakawa wachache zaidi. Ulinieleza polepole, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa mwanawe. Mimi nilikuwa nikisikiliza miguu yangu.

Sasa niseme juu yake. Njia nzima ndani ya ndege nilijiandaa kumchukia mama mkwe wako. Nilimtengeneza kichwani mwangu, mnene, mwenye macho makali, mwenye funguo kiunoni. Niliyemkuta alikuwa mfupi kuliko mimi, magoti yamepinda kwa baridi yabisi, jicho moja limefunikwa na ukungu. Alinishika uso kwa mikono miwili akalia kabla hajasema neno. Nami nikalia, maana kilio huambukiza. Lakini nilikasirika, Safia. Mtu ukiwa umekuja na hasira yako umeibeba tangu Entebbe, halafu ukakosa pa kuiweka, inakugeukia mwenyewe.

Wewe ulimwita Maa. "Maa, kaa." "Maa, kunywa." Wiki nzima ile nilisikia Maa, Maa, na kila mara niligeuka, nikidhani unaniita mimi.

Asubuhi ya tatu au ya nne nilitoka nje nikawakuta uani. Umekaa chini kwenye mkeka, kichwa chako kati ya magoti yake yale yanayomuuma, naye anakusuka. Anakusuka matuta, mistari iliyonyooka, membamba mbele, mapana nyuma, vile ninavyosuka mimi. Vile nilivyofundishwa na mama yangu Kibera, nikakusuka wewe kila Jumapili ya utoto wako. Mhindi mwenye jicho moja, ambaye nywele zake mwenyewe ni laini kama maji, ameshika nywele zako na hazimshindi.

"Nani amemfundisha?" nikauliza.

"Mimi, Mama. Imechukua muda, lakini sasa anaweza."

Ulisema kwa fahari! Nikarudi ndani. Nilikaa kwenye kile kitanda cha kamba nikajiambia, huyu mama amechukua mkono wangu. Mume amekufa, shamba hulitaki, lugha umeipata, sawa. Lakini kichwa cha mwanangu? Sikuwahi kumwonea mtu wivu kama ule, hata mwanamke aliyetaka kuolewa na baba yako mke wa pili.

Siku hiyo hiyo nilifungua begi tupu juu ya kitanda chako. Ukalitazama.

"Mama, hilo ni la nini?"

"La nguo zako. Eda imekwisha. Tunarudi nyumbani."

Ukakaa chini. "Siendi, Mama."

"Hapa huna mume. Huna mtoto. Una nini?"

"Nina Maa."

"Una mama Kampala!"

"Wewe una watu, Mama. Una Nalongo, una ndugu wa Bombo, una wanafunzi wako. Ukianguka Wandegeya, utainuliwa kabla hujafika chini. Yeye akianguka ni mimi tu."

"Kwa hiyo kosa langu ni kuwa na watu?"

Ukaniambia habari nyingine, kwamba ulikwenda na wanawake wa kijiji hadi ofisi ya mabasi mjini, ukasimama mbele ya mkubwa wao na lugha yako ya kujifunza, ukamwambia mumeo alifia njiapanda. Mkubwa yule akakubali kulirudisha basi kwa majaribio mpaka pamba ivunwe. Likijaa watu, litabaki. Likiwa tupu, lisiulizwe tena.

"Wao hawajui kujaza gari, Mama," ukasema. "Kila mtu anakwenda mjini siku yake, kwa haja yake. Lazima mtu awapange, awapitie vitongojini, awaite. Nikiondoka, nani atawaita?"

"Na mimi je, Safia? Mimi nani ataniita?"

Ukalia. Ile ndiyo mara pekee niliyokuona ukilia tangu uwe mjane, na ni mimi niliyekuliza. Halafu katikati ya machozi ukanirushia jiwe. "Na wewe, Mama, ulimwacha bibi Kibera ukaja kuolewa Bombo."

"Kibera ni basi la usiku mmoja!" nikapiga kelele. "Unalala Kampala unaamka Nairobi!"

Kisha ukaanza kucheka, nami nikacheka kwa hasira, tukacheka hadi mama mkwe wako akaja mlangoni kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumweleza.

Nilirudi na begi tupu. Asubuhi ya kuondoka, nusu ya kijiji ilitusindikiza kwenda barabarani, na mama mkwe wako na magoti yake akatembea nasi. Nilimfanyia ishara arudi, akakataa. Kila mara tukasimama kumsubiri, na kila mara nikajisemea kwamba anafanya makusudi, anataka watu waone. Tulipofika njiapanda alinishika mkono akasema maneno marefu. Nikakutazama unitafsirie. Ukainamisha kichwa.

"Anasemaje?"

"Mama, acha tu."

"Nitafsirie. Mimi ni mtu mzima."

"Anasema anajua amekuchukulia mtoto. Anasema si lazima umsamehe. Ila uje tena."

Bora angenitukana. Mtu akikutukana unakwenda na lako. Huyu aliniacha mikono mitupu, nikapanda basi nikiwa sina hata adui.

Nilirudi Kampala nikawa mgomvi. Nalongo ndiye shahidi. Niligombana na muuza mkaa, nikagombana na wanafunzi wa watu, nikagombana na mvua. Ulipokuwa ukipiga, ulinihadithia habari za basi tu, na hukusikia jinsi nilivyokuwa nikijibu kwa "aha" na "mm." Leo walipanda wengi. Leo walipanda wachache. Leo umetembea hadi kitongoji cha jirani, ukawakuta wanawake wanaouza samli, ukawashawishi waende sokoni siku moja na wenu. Leo umesimama mlangoni mwa basi ukamwita mzee fulani kwa jina mbele ya watu mpaka akaona haya, akapanda bila safari. Nilicheka hapo, nikijificha. Lakini nilipokata simu nilikaa nikijiuliza, sauti ile tuliilea sisi. Mimi niliinunulia asali ilipokauka. Inakuwaje inavuka bahari kwenda kujaza basi la watu wasionijua, wakati kwenye kibanda changu nimebaki nikiita wateja kwa kugonga sufuria?

Kisha mvua za kwenu zikaja, na simu zako zikakatika. Siku ya kwanza nikasema ni mtandao. Siku zilizofuata nikasema ni mtandao. Ulipopiga, sauti yako ilikuwa nyembamba, ukaniambia ulikuwa na homa kali lakini umeshapona. Nikakubana mpaka ukasema yote. Kwamba ulizimia. Kwamba barabara ilikuwa tope, basi halikuweza kuingia kijijini, trekta likakwama, na wanaume wakakubeba kwenye kitanda cha kamba, wakipokezana, wanawake wakifuata na miavuli, hadi njiapanda. Kwamba dereva wa basi alipata habari akasimama pale akasubiri, injini ikiwaka, na abiria wote wakakataa basi liondoke bila wewe. Kwamba Maa alipanda na wewe akalala sakafuni hospitali, mwenye magoti yale.

Nilikata simu. Umesema mara nyingi kwamba laini ilikatika. Haikukatika. Nilikata mimi, na siku kadhaa sikupokea.

Nikuambie kilichonitesa. Kwanza ni hofu, kwa sababu barabara ile ndiyo iliyomchukua mumeo. Hofu ilipopita, ulibaki wivu mtupu. Niliuonea wivu mkono wa kila mtu aliyekishika kitanda kile. Nilimwonea wivu dereva. Niliwaonea wivu hata abiria, watu wasio na jina, waliokaa wakisubiri mwanangu huku mimi niliyemzaa nakanda unga Wandegeya, sina habari. Kila mtu alikuwa na kazi ya kufanya siku ile isipokuwa mimi. Nimezungukwa na boda na taxi na magari ya kila aina, barabara haipitiki kwa wingi wake, na hakuna hata moja ambalo lingenifikisha kwako.

Nalongo alinikuta nimekaa gizani na jiko limezima. Unakijua Kiswahili chake. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mama Safia, ginsi gani? Mutoto amekufa?"

"Hajafa."

"Amepotea?"

"Hajapotea."

"Sasa unaria nini? Mutoto iko hai, iko na batu ya kumubeba. Mimi yangu iko hapa Kawempe, karibu hivi, na mwaka yote haikuji kunisarimia. Nani arie, mimi ao wewe?"

Nilitaka kumfukuza. Nikamkaribisha chai. Lakini usidhani alinitibu, Safia. Wivu hauponi kwa sababu mwenzako ana jeraha kubwa zaidi. Ulipungua tu makali, nikaweza kupokea simu yako.

Pamba imeshavunwa. Nilijua siku ile ya uamuzi, niliifuatilia kuliko ninavyofuatilia mwezi wa Ramadhani, ila sikukuambia. Ulipopiga kwa video ukiwa umesimama uwanjani na basi nyuma yako, limevishwa maua ya njano kama bibi harusi, nilijua limebaki. Ukageuza simu nikaona watu, nikaona mlango mmoja uliokuwa na kufuli lenye kutu uko wazi, mwanamke kijana anafagia kizingiti na watoto wanamzunguka. "Wamerudi, Mama," ukasema. "Mume atakuwa akienda kazini mjini na kurudi jioni." Nikasema mashallah, na nilimaanisha. Halafu nikaona Maa amekaa kiti cha mbele kabisa, karibu na dereva, amejifunga ushungi mpya, anapunga mkono kama mke wa rais. Nikakunja uso. Natumaini simu haikuonyesha.

Sasa nikuambie la juzi, ambalo hulijui lote.

Nilipiga kwa video alasiri. Akapokea Maa, simu umeiacha nyumbani. Kwa desturi hukata akiona jina langu, ili upige mwenyewe ukirudi. Safari hii hakukata. Akasema, "Safia, bas." Nikafikiri anasema basi, yatosha, tusikusumbue tena, na damu ikanipanda. Akarudia, akaigiza honi kwa mdomo, "Pii pii! Safia, bas!" Nikaelewa. Umepanda basi kwenda mjini, hujarudi.

Ningeweza kukata. Yeye pia angeweza. Lakini hakukata, nami sikukata. Alisogeza simu nikaona anapokaa, mlangoni, akitazama njia. Nami nikaweka simu yangu juu ya mkebe wa chumvi ili anione nikikanda unga. Tukakaa hivyo. Hatukuwa na neno hata moja la kupeana zaidi ya jina lako. Mara akasema "Safia," akatikisa kichwa kama mtu anayesema, huyu mtoto. Nami nikasema "Safia," nikatikisa changu. Jua lake lilikuwa linatua, langu bado liko juu. Nilimwona akinyanyua shingo kila mbwa alipobweka, na kila aliponyanyua, nami nilinyanyua. Niliona jinsi anavyokusubiri, mwanangu. Ndivyo ninavyokusubiri mimi. Sikupenda kuliona, lakini nimeliona.

Kisha nikasikia honi ya kweli, mbali, halafu karibu. Akapiga ukelele, akasahau simu, akaiangusha mapajani nikabaki natazama paa lenu. Nikasikia watu wakishuka, nikasikia kicheko chako, hatua zako uani, na sauti yako ile ikaita kutoka mlangoni, "Maa!"

Tukaitika wote wawili. Ulishtuka, ukauliza nani huyo mwingine. Sasa umejua. Na ukitaka ukweli mtupu, mimi nilitangulia kuitika. Muulize, hatakataa.

Kula vizuri, jifunike mvua ikinyesha, na mfikishie salamu zangu, za kweli safari hii, au karibu na kweli.

Mimi,
mama yako aliyekuzaa,
Bwaise.